Jazz: neno lililozaliwa uwanjani kabla ya kupanda jukwaani

Tarehe 2 Aprili 1912 gazeti la Los Angeles Times lilitoa habari fupi ya michezo kuhusu Ben Henderson, mrushaji mpira wa timu ya besiboli ya Portland Beavers. Henderson alikuwa akijigamba kwamba mwaka huo ana mrusho mpya. Aliuita mpira wa jazz kwa sababu, alivyosema, unayumbayumba hewani na mpigaji hana la kuufanya. Katika habari hiyo hakuna muziki. Hakuna New Orleans wala tarumbeta. Na hadi leo hakuna andiko la kabla ya hapo, lenye tarehe isiyotiliwa shaka, ambamo neno hili limeonekana.

Naanza hapo kwa makusudi, kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu asili ya jazz huchanganya mambo mawili: asili ya muziki na asili ya jina lake. Muziki ni wa watu weusi wa New Orleans, na ulikuwapo kabla ya 1912. Buddy Bolden, mpiga koneti (aina ya tarumbeta fupi) aliyetikisa mji huo mwanzoni mwa karne ya 20, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907 na hakurudi tena jukwaani hadi alipofariki 1931. Wapigaji wa zama zake waliuita muziki wao ragtime, jina la mtindo wenye midundo iliyokatizwa. Mtoto alikuwa ameshakua na kutembea, jina likaja baadaye, tena kutoka upande wa pili wa nchi.

Mwaka uliofuata neno linajitokeza San Francisco. Mwandishi wa michezo wa gazeti la San Francisco Bulletin, E. T. Gleeson, aliyefahamika zaidi kwa jina la Scoop, alikuwa akiripoti kutoka Boyes Springs katika kaunti ya Sonoma, California, kwenye chemchemi za maji ya madini. Hapo ndipo timu ya San Francisco Seals ilipoweka kambi ya mazoezi. Tarehe 3 Machi 1913 Gleeson aliandika kuhusu mchezaji aitwaye McCarl. Watu walikuwa wakivumisha kwamba ni mchezaji wa hadhi ya chini, na Gleeson akasema uvumi huo ni jazz, yaani ni porojo. Tarehe 6 Machi, siku tatu tu baadaye, aliandika kwamba wachezaji wamerejea mjini wakiwa wamejaa jazz, kisha akajiuliza mwenyewe jazz ni nini na kujibu kuwa ni uhai, nguvu na ari.

Mwandishi ni yuleyule na gazeti ni lilelile, lakini ndani ya siku tatu neno limebeba maana mbili ambazo karibu zinapingana. Ukiona hivyo ujue umelikuta neno la mtaani likiwa bado changa. Misimu haiji na maana iliyokwisha kupimwa. Inakuja na nguvu ya sauti kwanza, na wasemaji huijaribu huku na huku hadi maana moja ishike na nyingine zibaki pembeni. Maana ya porojo haikufa, kama nitakavyoonyesha.

Tarehe 5 Aprili 1913 Bulletin lilitoa makala nzima ya Ernest J. Hopkins ya kulisifu neno hilo jipya. Hopkins alijaribu kulifafanua kwa kupanga maneno mengi mfululizo: uhai, nguvu, furaha, mvuto, ujasiri, mchemko wa roho. Mwishowe akanyoosha mikono na kusema hakuna neno jingine linaloweza kubeba maana hiyo. Makala hiyo ni hazina kwa mtafiti. Mtu hawezi kuandika safu nzima kulitambulisha neno kwa wasomaji ikiwa wasomaji hao wameshalizoea. Ni ushahidi kwamba mwaka 1913, katika mji mkubwa wa pwani ya magharibi, jazz lilikuwa neno geni.

Gleeson mwenyewe alieleza mwaka 1938, robo karne baadaye, kwamba alilipata kwa mwenzake aliyeitwa Spike Slattery, naye Slattery alikuwa amelisikia kwenye kamari ya dadu, ambako wachezaji walikuwa wakipiga kelele kuyaita mawe yao yalete jazz. Kumbukumbu ya baada ya miaka 25 peke yake isingetosha. Hapa ina uzito kwa sababu magazeti ya wakati wenyewe yanaiunga mkono.

Kabla ya kamari hiyo ya dadu kuna nini? Anayeonekana kuwa babu wa neno hili ni jasm, neno la Kiingereza cha Marekani la karne ya 19 lenye maana ya nguvu na moto wa ndani. Limo katika riwaya ya J. G. Holland ya mwaka 1860. Mhusika mmoja anamsifu mwanamke kwamba amejaa jasm, na anapoulizwa ni kitu gani anajibu: chukua radi na umeme, meli ya mvuke na msumeno wa mashine, vichanganye, uvitie ndani ya mwanamke, hiyo ndiyo jasm. Ukiisoma sentensi hiyo ukaiweka kando ya maelezo ya Gleeson na Hopkins, unaona maana ni ileile. Jasm nayo ina ndugu yake, jism, lililomaanisha nguvu na pia manii. Ndiyo maana tangu mwanzo neno hili lilikuwa na harufu ya mambo ya chumbani, na ndiyo maana baadhi ya watu wenye staha hawakulitaka midomoni mwao. Hata hivyo matumizi ya jazz kama kitenzi cha tendo la ndoa yanaonekana kwenye maandishi baada ya muziki kuwa umeshapata jina hilo. Wale wanaosema kwa uhakika kwamba jazz lilianza kama tusi la madanguro wanatanguliza jambo lililokuja baadaye.

Sasa muziki. Njia ya kutoka kambi ya besiboli hadi jukwaani si ndefu kama inavyodhaniwa. Art Hickman, aliyekuja kuongoza bendi maarufu ya dansi San Francisco, alikuwa akiwatumbuiza wachezaji hapo Boyes Springs mwaka 1913. Bert Kelly, mpiga banjo aliyetoka San Francisco kwenda Chicago, alidai baadaye kwamba ni yeye aliyelipeleka neno huko na kuwa wa kwanza kuiita bendi yake ya jazz. Madai ya mtu kuhusu sifa yake mwenyewe huyapokei mazimamazima, ila mwelekeo wa safari unakubaliana na tarehe. Tarehe 11 Julai 1915 gazeti la Chicago Daily Tribune lilitoa makala ya Gordon Seagrove ambayo kichwa chake kilitangaza kwamba bluzi ni jazz na jazz ni bluzi. Mwaka huohuo kundi la wanamuziki wa New Orleans chini ya Tom Brown lilikuwa likipiga kwenye ukumbi wa Lamb's Cafe, Chicago. Muziki wa kusini na neno la magharibi vilikutana Chicago, mji wa kaskazini.

New Orleans yenyewe? Kwenye magazeti ya mji huo neno linaonekana tarehe 14 Novemba 1916, katika Times-Picayune, likiwa limeandikwa jas. Habari hiyo inalalamika kwamba majarida ya maonyesho yanaipa Chicago sifa za bendi hizo wakati nyumbani kwao hasa ni New Orleans. Tazama uzito wake: mwandishi anadai muziki kuwa wa kwao, na ana haki, lakini jina analiazima kutoka kwenye majarida ya nje. Mwaka 1918 gazeti hilohilo lilitoa tahariri ya kuikana heshima hiyo na kuwataka watu wa mji wawe wa mwisho kuupokea muziki huo katika jamii ya wastaarabu. Tahariri ile inaudhi hadi leo, kwa sababu waliotukanwa ni watu waliokuwa wakitengeneza kitu kikubwa kuliko chochote ambacho mji huo umewahi kuipa dunia.

Tarehe 26 Februari 1917 bendi ya Wazungu watano, Original Dixieland Jass Band, ilirekodi New York kwa kampuni ya Victor. Santuri hiyo ndiyo iliyolisambaza neno. Kwenye lebo yake liliandikwa Jass. Kabla ya mwaka kwisha herufi mbili za mwisho zilikuwa zimegeuka z. Inasimuliwa kwamba wahuni walikuwa wakifuta herufi ya kwanza kwenye mabango ili libaki neno la Kiingereza la makalio. Sababu iwe hiyo au isiwe, kuanzia hapo jazz likashika, na jas, jass, jaz na jasz zikatoweka taratibu.

Tahajia hizo zote tano zinamhusu yeyote anayetaka kulisaka neno hili mwenyewe, na kazi yenyewe ina mitego. Hifadhi za magazeti ya zamani, kama Chronicling America ya Maktaba ya Bunge la Marekani ambayo haina malipo, hutafutwa kwa maandishi yaliyosomwa na mashine kutoka kwenye picha za kurasa. Ukiandika jazz na kuweka kikomo cha mwaka 1911, mashine itakuletea matokeo, na utadhani umevumbua jambo. Fungua picha ya ukurasa wenyewe. Mara nyingi utakuta ni jars lililochapwa kwa wino uliofifia, au doa, au jina la mtu. Ukitafuta jas hali ni mbaya zaidi, kwa sababu Jas. ndicho kifupisho cha kawaida cha jina James katika Kiingereza cha zamani, na orodha za wageni wa hoteli, kesi za mahakamani na matangazo ya vifo zimejaa akina Jas. Cha kufanya ni kutafuta neno likiwa limeambatana na jingine: jas band, jass music, jazz ball. Hapo takataka zinapungua sana.

Mtego mwingine ni tarehe ya kitu chenyewe. Kamusi kubwa ya Oxford iliwahi kutoa mfano wa jazz wa mwaka 1909, kutoka kwenye santuri ya mchekeshaji Cal Stewart, ambamo mhusika wake Uncle Josh anasema aliulizwa kama anacheza jazz. Kwa miaka mingi watu waliutegemea mfano huo. Kumbe Stewart alikuwa ameyarekodi maigizo yaleyale zaidi ya mara moja. Toleo la 1909 halina neno hilo, lipo katika toleo lililorekodiwa upya mwaka 1919. Santuri, kitabu kilichorudiwa kuchapwa na wimbo uliorekodiwa upya vyote vina hatari hiyo: jina ni lilelile, lakini maneno ya ndani yamebadilika. Usiipokee tarehe ya kwanza ya kazi mpaka ushike toleo la tarehe hiyo.

Ukiwa na vipimo hivyo mkononi, nadharia nyingine nyingi zinapungua nguvu zenyewe. Wapo wanaosema jazz ni jina la mwanamuziki Jasbo Brown, ambaye mashabiki walimwita kwa kifupi. Shida ni kwamba hakuna andiko la wakati wake linalomwonyesha akipiga, na hadithi zake zinampeleka mji huu na ule kulingana na msimuliaji. Wapo wanaolitoa kwenye kitenzi cha Kifaransa jaser, kupiga soga, kwa kuwa New Orleans iliwahi kuwa mji wa Wafaransa. Wapo wanaotaja manukato ya asumini yaliyopendwa na wanawake wa mji huo. Nadharia hizi mbili za mwisho zina kasoro moja: zinahitaji neno lianzie New Orleans, wakati maandishi yanalikuta California miaka minne kabla, likizungumzia mpira.

Nadharia ya Afrika inastahili kusemwa kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa wengi wetu tungependa iwe kweli. Neno linalotajwa sana ni jasi, la lugha za jamii ya Kimandinka, kwa maana ya kuishi kwa mwendo wa kasi au kutoka katika hali ya kawaida. Mchango wa Afrika katika muziki wenyewe hauna ubishi. Watumwa walikutana siku za Jumapili pale Congo Square, New Orleans, wakapiga ngoma na kucheza, na mpangilio wa midundo, wito na kiitikio ni urithi wa moja kwa moja. Lakini urithi wa muziki hauthibitishi urithi wa neno. Ili jasi liwe mzazi wa jazz lingepaswa kuacha alama mahali fulani kati ya kufika kwa Wamandinka na mwaka 1912, na mahali hapo pawe miongoni mwa wasemaji weusi wa kusini. Alama hiyo haijaonekana, na wanamuziki wakongwe wa New Orleans wenyewe hawakulidai. Sidney Bechet, aliyezaliwa huko 1897, alisema waziwazi kwamba jazz ni jina ambalo Wazungu waliupa muziki huo, na kwamba yeye aliujua kama ragtime.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mfano mzuri zaidi wa kujihadhari. Tunalo neno jazba, lenye asili ya Kiarabu, lenye maana ya mori na hisia zilizopanda. Sauti inafanana na jazz. Maana inafanana na ile ya Gleeson kuliko hata jasi. Tunalo pia jaza, na wachezaji wa Gleeson walikuwa wamejaa jazz! Mtu akitaka angeweza kuandika makala ya kusisimua akithibitisha kwamba Waswahili ndio walioipa Marekani neno hili. Ingekuwa makala isiyo na chembe ya ukweli, kwa kuwa hakuna mtu, meli wala andiko linalounganisha jazba ya pwani yetu na kambi ya besiboli ya Sonoma. Lugha za dunia ni nyingi na silabi fupi ni chache, hivyo kufanana ni jambo la kila siku. Kinachopimwa kwanza ni tarehe na njia, sauti inafuata.

Baada ya 1917 neno lilitanuka. Kulitia jambo jazz kukawa kulichangamsha: nguo, chumba, hotuba. Aliyejazwa hamu na kitu akawa amepatwa na jazz. Ile maana ya porojo ya tarehe 3 Machi 1913 nayo ikarudi kwa nguvu katikati ya karne: usiniletee jazz hiyo, maana yake usinidanganye. Na katika usemi wa kumalizia orodha, jazz yote hiyo, limekuwa sawa na kusema na mengineyo ya namna hiyo, wakati mwingine kwa dharau kidogo. Wanamuziki weusi wengi hawakulipenda. Duke Ellington hakutaka kazi yake ifungiwe humo, na Max Roach alilipinga kwa sababu ya madanguro na matusi yaliyoambatanishwa nalo. Mwaka 1949 jarida la Down Beat lilitangaza shindano la kutafuta jina mbadala kwa zawadi ya dola 1,000. Lililoshinda lilikuwa crewcut, jina la mtindo wa kunyoa nywele, na halikutumika hata kidogo. Neno likishashika mdomoni mwa watu haliondolewi kwa zawadi. Januari 2000 Jumuiya ya Lahaja ya Marekani ililichagua jazz kuwa neno la karne ya 20.

Kwetu lilifika likiwa na maana nyingine tena, na hii ndiyo sehemu ambayo waandishi wa Kiingereza huipita haraka. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa miaka ya 1930, Morogoro Jazz ikaja miaka ya 1940, kisha Kilwa Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, na Nuta Jazz mwaka 1964, iliyopita majina ya Juwata na Ottu hadi kuwa Msondo Ngoma. Upande wa Kenya kuna Victoria Jazz na Shirati Jazz, zilizopiga benga. Léopoldville, Kinshasa ya leo, walikuwapo African Jazz ya Joseph Kabasele na, kuanzia 1956, OK Jazz ya Franco na wenzake, ambayo ile OK ilitokana na baa ya Oscar Kashama walikokuwa wakipiga. Takriban hakuna hata moja kati ya hizo iliyopiga kile ambacho Mmarekani angekiita jazz. Walipiga rumba, chacha, na mitindo yao wenyewe, wakiathiriwa zaidi na santuri za Kuba zilizoingia kuanzia miaka ya 1930.

Kusema walikosea jina ni kutoelewa neno lilivyokuwa likifanya kazi. Katika jina la bendi ya Afrika Mashariki na Kongo, jazz lilimaanisha kundi la kisasa la dansi: magitaa, saksafoni na tarumbeta, ngoma za kusimikwa, ukumbi wenye kiingilio, wacheza dansi wawili wawili. Lilitofautisha kundi hilo na beni, na taarabu, na ngoma za kienyeji. Hiyo ni maana kamili, yenye mipaka yake, na imedumu kwa vizazi kadhaa. Kamusi yoyote ya Kiswahili inayoeleza jazz kama muziki wa Wamarekani weusi na kuishia hapo imeiacha nje nusu ya matumizi ya watu wetu.

Tarehe ya neno hili kuingia katika Kiswahili cha maandishi inaweza kutafutwa kwa njia ileile iliyompata Henderson na mpira wake. Pa kuanzia ni Mambo Leo, jarida lililoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923, hasa barua za wasomaji na habari za miji, kisha gazeti la Baraza la Kenya kuanzia 1939. Tafuta jazz, jazi, jaz na jasi. Kwenye jasi tarajia takataka nyingi, maana ndilo jina la chokaa ya ujenzi na chaki. Tafuta pia dansi, bendi na dansa kwenye kurasa hizohizo, kwa sababu waandishi wa wakati huo mara nyingi walieleza kitu kabla ya kukitaja kwa jina lake jipya. Ukilipata, nakili sentensi nzima, tarehe, namba ya toleo na ukurasa, na upige picha ya ukurasa wote badala ya ule mstari mmoja.